Kushusha gari unaloliendesha kila siku: kipi ununue kwanza

Kabla ya kutoa hela ya kushusha gari, yaani kulifanya likae karibu zaidi na barabara, chukua futikamba uchungulie nyuma ya gurudumu. Kwenye fimbo ya shokapu kuna mpira mfupi unaozuia chuma kisigonge chuma gurudumu linapopanda mpaka mwisho. Nafasi iliyobaki kabla ya kuufikia mpira huo ndiyo unayoitumia unaposhusha gari. Ikiwa ni sentimita 7 nawe ukashusha 4, umebakiwa na 3, na matuta ni yale yale. Ndiyo maana orodha hii naipanga kwa gari la kupeleka watoto shule na kubeba mizigo, si la kuegeshwa lipigwe picha.

Namba moja kwangu ni seti ya springi fupi pamoja na shokapu zake. Springi fupi lazima iwe ngumu, kwa kuwa inabeba uzito ule ule ndani ya nafasi ndogo. Springi ngumu hurudi kwa nguvu, na shokapu ya kiwandani, iliyopimiwa springi laini, hushindwa kuituliza: gari linadundadunda baada ya kila tuta na shokapu inachoka mapema. Seti iliyobuniwa pamoja imeshalimaliza tatizo hilo. Chukua ya kushusha milimita 20 hadi 30. Hapo jicho linaona tofauti, gari halilali sana kwenye kona, na aliyekaa nyuma bado anasinzia.

Koilova nzuri, yaani springi na shokapu zilizoungwa pamoja ambazo urefu wake unarekebishwa, ni ya pili, na hapa uliza swali moja tu: urefu unarekebishwaje? Kuna zile ambazo unazungusha ringi iliyo chini ya springi. Kila ukishusha, unakula nafasi ya shokapu. Nyingine zina nyuzi kama za skrubu kwenye kikombe cha chini kinachoishika shokapu, kwa hiyo shokapu yote inafupika na nafasi yake inabaki. Tafuta hizi za pili, ila hakikisha tairi haligusi madigadi usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Nyuzi zake zisafishwe na kupakwa grisi, la sivyo tope na kutu vitazigandisha. Koilova ya bei ya kutupa siipi nafasi yoyote. Bora seti ya kawaida.

Ya tatu haishushi gari hata milimita moja: stebilaiza nene, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Wengi wanaotaka kushusha wanachokerwa nacho hasa ni gari kulala kwenye kona, na dawa yake ni hii. Magurudumu mawili yakipanda tuta kwa pamoja, stebilaiza inajizungusha tu kwenye bushi zake, yaani vishikizo vyake vya mpira, haiongezi ugumu. Utaisikia pale gurudumu moja linapoingia shimoni.

Springi fupi peke yake juu ya shokapu za zamani ni ya nne. Inafaa ikiwa shokapu bado mpya na unashusha kidogo. Zikiwa zimechoka, utamlipa fundi mara mbili kwa kufungua vitu vile vile.

Mfumo wa hewa, wenye mipira iliyojazwa hewa badala ya springi za chuma, unastarehesha, na unaweza kuinua gari ukifika kwenye tuta. Lakini kompresa, mipira, mabomba na valvu vyote vinahitaji matunzo, na hewa ikivuja gari linakaa chini hapo lilipo.

Kukata springi au kuichoma moto, kamwe. Iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka. Moto nao unaua ugumu wa chuma.

Bajeti yoyote iache hela ya alaimenti, yaani kupanga upya uelekeo wa matairi. Gari likishuka, matairi hubadili uelekeo, na hilo ndilo linalokula kingo za ndani haraka kuliko kuinama kwa matairi yenyewe. Taa za mbele zipimwe upya pia. Na mwambie fundi boliti za mikono ya chuma inayoshika magurudumu, ile yenye bushi za mpira, azikaze mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Akizikaza magurudumu yananing'inia, mpira unabaki umejisokota siku zote na unachanika mapema.