Ziara ya miguu Gastown, Vancouver: Habari za mwanzilishi zimesimuliwa nusu

Ziara hii ya kutembea kwa miguu katika mtaa wa Gastown, ambako jiji la Vancouver nchini Kanada lilianzia, inastahili ada yake kwa sababu mwongoza watalii wetu anaijua vizuri biashara ya John Deighton, mwenye baa aliyeuanzisha mtaa huo. Alitueleza jinsi Mwingereza huyo, aliyewahi kuwa rubani wa meli za mvuke katika mto Fraser, alivyofika hapo mwaka 1867 na pipa la wiski, akijua kwamba kiwanda cha mbao kilichokuwa jirani kimepiga marufuku pombe katika eneo lake. Inasimuliwa kwamba aliwaahidi wafanyakazi wa kiwanda kuwa wangekunywa watakavyo iwapo wangemsaidia kujenga, na baa ikasimama ndani ya siku moja. Kwa kuwa alipenda mno kupiga domo, walimpachika jina la Gassy Jack, yaani Jack mpiga domo, na mtaa ukalirithi. Makazi yaliyoizunguka baa yalipimwa mwaka 1870 yakaitwa Granville, kisha mwaka 1886 yakawa jiji la Vancouver.

Kasoro ilijitokeza katika uwanja wa Maple Tree Square, mahali ambapo sanamu ya Deighton ilisimama juu ya pipa hadi tarehe 14 Februari 2022, ilipoangushwa wakati wa maandamano ya kuwakumbuka wanawake wa jamii za asili waliouawa au kutoweka. Tukio hilo lilipewa sentensi moja tu, na Quahail-ya hakutajwa kabisa. Msichana huyo wa Kiskwamish, mojawapo ya jamii za asili za eneo hilo, alikuwa na umri wa miaka 12 alipoozwa Deighton, mtu mzima wa takriban miaka 40. Alimzalia mtoto wa kiume, akamtoroka akiwa na miaka 15, na akaishi hadi mwaka 1948, miaka 73 baada ya kifo cha mumewe. Nasema bila kusita kwamba historia ya mwanzo wa jiji hili haiwezi kusimuliwa kwa haki bila yeye. Inasikitisha zaidi kwamba kwenye saa ya mvuke, kivutio cha watalii mtaani hapo ambacho ni cha mwaka 1977 tu, tulisimama kwa muda mrefu kuliko uwanjani hapo.

Mwongozaji alipoulizwa kuhusu Quahail-ya, alijibu kwa ufasaha na heshima, kwa hiyo maarifa anayo. Kilichokosekana ni nafasi katika ratiba, na waandaaji wanaweza kuipata wakipunguza muda wa kuitazama saa.