Picha Ipo, Sauti Hamna: Siku Tatu Nagombana na ARC

Habari zenu wadau, karibuni tena. Angalieni hii runinga. Picha safi, mtu anaongea, mdomo unacheza. Sasa nanyamaza, msikilize.

Mmesikia nini? Kimya. Na risiva hii hapa, mashine inayoendesha spika, imewaka, spika tano zimeunganishwa, sabufa iko chini ya meza. Siku tatu nimeishi na kimya hiki, na leo hatuondoki mpaka kiishe.

Jina la risiva nimelifunika kwa utepe makusudi, maana tatizo lenyewe haliko kwa kampuni moja. Wati zake na idadi ya spika inazobeba siziongelei, yote yameandikwa kwenye boksi. Leo naongelea ARC tu, ile njia ya kurudisha sauti ya runinga kwenye risiva. Herufi tatu, lakini zimenitoa jasho.

Kabla hujagusa kitu chochote, fanya hivi. Nachomoa king'amuzi kwenye runinga, nakichomeka nyuma ya risiva moja kwa moja. Nachagua mahali kilipo... sikilizeni hiyo! Sabufa inatikisa meza! Kwa hiyo spika ni nzima, nyaya zake ni nzima, risiva nayo ni nzima. Ugonjwa uko kwenye njia ya kutoka runinga kuja risiva, basi. Kuna watu sauti ikipotea tu wanakimbilia kununua spika mpya. Jamani, hela zenu!

Haya, njia yenyewe. HDMI, waya wa picha na sauti, kwa kawaida hupeleka mzigo upande mmoja, kutoka risiva kwenda runinga. ARC, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, inairudisha sauti ya runinga kwenye risiva kwa waya uleule. Wazo zuri sana, silipingi. Ila ina masharti kuliko mganga.

Ngoja nisogeze kamera huku nyuma. Mnaona matundu haya yamepangana? Haya sita ni ya kuingizia. Hili la pembeni, peke yake, limeandikwa HDMI OUT, na chini yake kwa herufi ndogo za kijivu, ARC. Hili ndilo letu. Ukipapasa kwa kidole gizani nyuma ya kabati yote ni sawa, ndiyo maana watu wengi wanachomeka kwenye yale sita. Washa tochi, soma. Na kwenye runinga ni vilevile: hii yangu ina matundu manne, lakini lenye ARC ni moja tu. Ukichomeka kwenye lingine, vifaa vilivyo kwenye risiva vitakuonyesha picha vizuri kabisa, na sauti ya runinga hutaipata hata ukeshe.

Waya nao. HDMI ina pini 19, na ARC inategemea pini ya 14, ambayo picha haina shida nayo. Ikikatika hiyo moja, picha inabaki safi na sauti hairudi. Kwa hiyo msiseme "waya mzima, mbona picha ipo." Jaribu mwingine. Lakini usiuziwe waya wa bei ya kutisha kwa sababu umepakwa dhahabu. Sauti ya ARC ni mzigo mdogo. Waya wa kawaida ulio mzima unatosha.

Sasa tufike kwenye kilichoniudhi. Matundu sahihi, waya sahihi, kimya kilekile. ARC haiamki mpaka kitu kinachoitwa CEC kiwe kimewashwa pande zote mbili, yaani runinga na risiva zikubali kuamrishana. Na CEC kila kampuni imeipa jina lake. Samsung wanaiita Anynet+, LG ni Simplink, Sony ni Bravia Sync, Philips ni EasyLink. Hata ujue kusoma vipi, utajuaje kwamba hilo ndilo la kubonyeza? Mimi yangu ilikuwa imejizima baada ya runinga kupakua programu mpya usiku. Bila kuniuliza! Hapo ndipo siku zangu tatu zilipokwenda.

Basi, naiwasha kwenye runinga. Naiwasha kwenye risiva. Nashuka chini kidogo kwenye menyu ya risiva, ARC nayo ina swichi yake, naiwasha. Narudi kwenye runinga, sehemu ya kutoa sauti, naondoa spika za runinga, nachagua risiva. Na bado... kimya. Mnaona? Msikate tamaa hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanairudisha dukani.

Zima zote, kisha chomoa plagi ukutani. Rimoti haitoshi, maana ukizima kwa rimoti vifaa hivi vinasinzia tu na kumbukumbu mbovu inabaki ndani. Naziacha dakika tano.

Tukisubiri: wengi mmeniomba kipindi cha sauti inayochelewa nyuma ya midomo. Kipo, ndicho kinachofuata, bonyezeni kengele. Na wanaonitaka nihamie saundiba, ile spika moja ndefu ya chini ya runinga, nimewasikia. Saundiba ni nyepesi na haikusumbui kwa nyaya, lakini nyingi hutumia ARC hiihii, kwa hiyo ugomvi utauhamisha tu.

Haya. Narudisha umeme, runinga kwanza. Ikishawaka vizuri, risiva. Sogeza sikio... tk! Mmesikia huo mlio mdogo ndani ya risiva? Na kioo chake kimeandika TV. Sauti hiyo! Mtu anaongea, jamani, baada ya siku tatu!

Ngoja. Njooni huku nyuma ya kochi. Spika za nyuma zimelala, zinalia mbili za mbele tu. Hii najua. Kwenye mipangilio ya sauti ya runinga kumeandikwa PCM, yaani sauti isiyobanwa, na PCM kupitia ARC ni chaneli mbili peke yake. Naibadilisha iwe Auto... na hiyo mvua inanyesha nyuma ya kichwa changu. Ila kwako ikizima kabisa ukiweka Auto, rudisha PCM. Sauti ikirudi, basi mfumo wa sauti unaotumwa haueleweki upande mmoja, na waya hauna kosa.

Nilipoanza kurekodi nilitaka kuwaambia mtumie waya wa optikali mwachane na ARC. Ule wa mwanga, Toshiba waliuleta 1983 na hadi leo hauulizi CEC wala nini, unachomeka unasikia. Toa tu kile kifuniko kidogo cha plastiki kwenye ncha. Kwa runinga ya zamani bado nausimamia. Lakini haupitishi Dolby Atmos, ile sauti inayotoka hata juu ya kichwa, na rimoti ya runinga haipandishi sauti ya risiva. Runinga na risiva zako zote zikiwa na eARC, yaani ARC iliyoboreshwa ya HDMI 2.1, usirudi nyuma.

Naizima yote kwa rimoti moja. Nawasha kwa rimoti hiyohiyo. Runinga... tk! Imeshika yenyewe. Andikeni hapo chini runinga yenu inaiitaje CEC, niwaonyeshe ilipojificha kwenye menyu.