Kabla ya kupiga kasia Ziwa Victoria: utabiri wa simu au jicho la mvuvi?

Kwa gharama hakuna ugomvi: bando dogo, au shikamoo na soda moja. Tofauti iko kwenye kuaminika.

Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, unakuambia leo usiku juu ya kesho, na hapo mvuvi haoni ndani. Usiku pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa na kuzaa radi. Hilo hulijui ukiwa umekaa ufukweni Mwanza saa kumi jioni. Lakini ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na utabiri wa eneo kubwa hauijui ghuba yako. Mzee wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, anaijua. Akiona maji ya mbali yamegeuka meusi na mitumbwi inakimbilia nchi kavu, anakwambia tu, “Subiri kwanza, mwanangu.” Nimesubiri mara nyingi, nikinung’unika.

Simu inataka chaji na mtandao. Mvuvi anataka umjue.

Mgeni mwenye safari ya kuvuka visiwa aanze na utabiri. Wewe wa nusu saa kando ya mawe, muulize mzee. Jaketi la kuokolea maisha vaeni wote.