Stelingi akifa: muvi saba nilizotiliwa kwenye flashi hapa Malindi

Nilipomwambia kijana wa duka la muvi kwamba nataka zile ambazo stelingi, yule shujaa mkuu wa muvi, anakufa, alicheka kwanza. "Dada, stelingi hafi," akaniambia.

Kauli hiyo naijua tangu utotoni. Katika kibanda cha video tulichokuwa tukiingia kwa shilingi tano, ilikuwa ndiyo sheria. Stelingi akipigwa risasi, wavulana wa benchi la mbele walianza kuhesabu, moja, mbili, tatu, wakijua atainuka tu. Asipoinuka ilikuwa ni ghasia, watu wanataka pesa zao. Mwenye kibanda naye alishaichoka ghasia hiyo, basi muvi za namna hiyo alizikata kabla hazijafika mwisho, akatia nyingine. Ndivyo nilivyokua, muvi nyingi nazijua robo tatu. Sasa nina umri wa mtu mzima, nina cherehani yangu na tivi yangu, na nilitaka hizo robo zilizobaki.

Duka lenyewe ni dogo: kompyuta moja, feni, na kiti cha mteja kimoja. Muvi ni shilingi 20, ziwe za zamani au mpya, na flashi unakuja nayo mwenyewe. Alipoona sifanyi mzaha, kijana aliacha kucheka, akachukua kipande cha karatasi akaanza kuandika majina kutoka kichwani, huku akiniuliza: unapenda za Kihindi? Za vita unaweza? Unatazama na nani? Swali hilo la mwisho lilinipendeza sana. Nikamwambia natazama na mamangu, hajui Kizungu, ila Kihindi cha sinema anakifahamu kuliko mimi. Baada ya kama dakika ishirini nilitoka na muvi saba kwa shilingi 140.

Kuanzia hapa nasimulia miisho. Asiyetaka kuijua asiendelee.

Tulianza na Sholay ya mwaka 1975. Kila mtu wa pwani ana kipande chake cha Sholay, na cha mama ni Gabbar, mkuu wa majambazi. Changu kilikuwa wale wezi wawili, Jai na Veeru, kwenye pikipiki. Sikuwahi kuona Jai anavyokufa. Wamezingirwa na majambazi, risasi zinakwisha, mmoja lazima akalete risasi na mmoja abaki kuwazuia. Jai anarusha sarafu yake kama alivyokuwa akifanya tangu mwanzo, na sarafu inaamua abaki yeye. Veeru anaporudi, mwenzake yumo katika pumzi za mwisho. Ndipo anaifungua ile sarafu mkononi na kuigeuza, na upande wa pili una kichwa kilekile. Sarafu haikuwa ikiamua kitu siku zote hizo. Ni Jai aliyekuwa akiamua.

Nilisimamisha picha hapo. Mama alikuwa amekwisha kuelewa kabla yangu, kajifunika uso na ncha ya leso. Halafu kuna yule mjane, Radha, ambaye ilikuwa karibu aolewe na Jai. Halii kwa sauti. Anafunga dirisha lake tu. Miaka yote nilidhani naijua Sholay!

Usiku wa pili ilikuwa Deewaar, ya mwaka huohuo 1975, na Amitabh Bachchan yuleyule aliyekuwa Jai. Humu ni Vijay, hamali wa bandarini Bombay, na beji yake ya uhamali ina namba 786. Mzee mwenzake Mwislamu anamweleza kwamba hiyo ni namba ya Bismillahi, aitunze. Anaitunza hata baada ya kuwa tajiri wa magendo, na kuna siku inazuia risasi. Mwishoni anamkimbia nduguye aliye polisi, beji inamponyoka, na safari hii risasi inampata. Anafia mapajani mwa mama yake hekaluni. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Huyo mama ana watoto wawili, na aliyeua ni wa kwake pia." Sina la kuongeza kwa hilo.

Kufikia hapo nilishajua ninachokitafuta katika muvi hizi. Kufa kwenyewe ni rahisi, mwandishi yeyote anaweza kumuua mtu. Mimi naangalia kinachobaki mkononi mwa aliye hai. Ile sarafu. Ile beji. Muvi isiyoacha kitu mkononi mwa mtu, kwangu imemuua stelingi bure.

Sasa malalamiko yangu, na nayasema kwa sababu huduma nyingine zote zilikuwa nzuri. Gladiator niliyopewa ilikuwa ile ya kusimuliwa, yenye sauti ya msimulizi juu yake. Sina ubaya na wasimulizi, mama bila wao asingejua lolote katika muvi za Kizungu. Lakini mwisho wa Gladiator ni wa kunyamaziwa. Stelingi, Maximus, amelala mchangani, yumo katikati ya dunia mbili, mkono wake unapita juu ya masuke ya ngano akielekea kwa mke na mtoto wake waliouawa. Na msimulizi wakati huohuo anawasalimia madereva wa tuktuk na kumtaja mwenye kinyozi! Baada ya hapo kuna Juba, rafiki yake wa utumwani, anayerudi uwanjani peke yake na vile visanamu vidogo vya familia ambavyo Maximus alikuwa akivibusu kila usiku. Anavizika kwa vidole kwenye mchanga uleule alikofia mwenzake, akisema watakutana tena, lakini bado. Kwenye nakala yangu maneno hayo hayakusikika kabisa.

Titanic nayo ilikuwa pungufu. Ni muvi ya zaidi ya saa tatu, na faili ilikwama meli ikiwa imesimama wima. Nilijiona nimerudi kwenye kibanda kile, nimekatiwa tena.

Asubuhi nilirudi dukani. Kijana hakubisha. Aliifungua Titanic mbele yangu, akaipeleka mbele kwa kipanya hadi pale inapokwama, akaomba radhi, akanitilia nakala nzima na Gladiator isiyosimuliwa, bila kunitoza hata shilingi. Aliniambia pia kwamba tangu siku hiyo ataangalia dakika za mwisho za kila faili kabla ya kuuza. Ushauri wangu kwenu: mwambieni mapema kama mnataka ya kusimuliwa au ya asili, na kagueni mwisho palepale dukani. Jack wa Titanic anakufa kwenye maji ya barafu kama mlivyosikia, na mwenye kutaka kulia atalia. Mama alisema ule mlango unaoelea, aliomwachia mpenzi wake, ungewatosha wote wawili.

Braveheart tuliitazama nusunusu. Mateso ya mwisho mama hakuyaweza, akaenda kuchemsha chai. Kile kitambaa cha mkewe kinachomdondoka stelingi, Wallace, mkononi nilikiona peke yangu. Anand ya 1971 ni ya kutazama mchana, si usiku. Mgonjwa wa saratani anayechekesha kila mtu hadi siku yake, na akishakufa, sauti yake inatoka kwenye kinasa sauti kana kwamba yuko chumba cha pili. Yule daktari rafiki yake anabaki na ukanda unaozunguka. Nilizima tivi nikaenda kukaa uani.

Lakini muvi niliyotaka kuiandikia hasa ni Lion of the Desert ya 1981, ya Moustapha Akkad. Ni habari ya kweli ya Omar Mukhtar wa Libya, mwalimu wa Kurani aliyewapiga vita Wataliano kwa miaka ishirini mpaka wakamkamata na kumnyonga Septemba 1931, akiwa mzee wa miaka sabini na kitu. Anthony Quinn ndiye aliyemwigiza. Hii nilimtafsiria mama neno kwa neno, na mara nyingine aliniambia ninyamaze, anaelewa.

Mzee anapandishwa jukwaani akiwa na miwani yake ileile aliyokuwa akisomeshea watoto. Kamba inakaza, na miwani inaanguka. Halafu mtoto mdogo anapenya katikati ya miguu ya watu, anaiokota, anaondoka nayo. Wanawake wanapiga vigelegele. Mamangu, ambaye kazi ya Wataliano ameifanya jikoni mwao maisha yake yote hapa Malindi, alipiga kigelegele chake kimoja, cha chini, ndani ya leso.

Nilikuja kujua kwamba muvi hii ilipigwa marufuku Italia mwaka 1982, na wenyewe hawakuonyeshwa kwenye televisheni hadi 2009. Nimewashonea mapazia Wataliano wengi, wazee wenye heshima zao, na sijui ni wangapi kati yao walioiona. Haikunijaza chuki. Ila tangu siku hiyo kila ninapomwona mzee wetu yeyote akifuta miwani kwa pindo la kanzu, namtazama zaidi.

Usiku ule nilimwambia mama kauli ya dukani, kwamba stelingi hafi. Alishangaa kweli. "Kwani Liyongo hakufa?"

Mama ni mzaliwa wa Kipini, na huko watu huonyeshwa mahali panaposemwa ni kaburi la Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani. Akanisimulia kama alivyosimuliwa: mwana alivyotumwa na maadui, akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo akaamka, akatwaa upinde, akaenda hadi kisimani, akapiga goti na mshale kautia, na roho ikamtoka vivyo hivyo. Siku nzima, na ya pili, na ya tatu, watu na ndoo zao wamesimama mbali, hakuna anayethubutu kuteka maji, wakidhani yu hai na amekasirika. Mpaka mamake mzazi akaja kumwimbia ambembeleze. Mama alipofika hapo aliinua mikono kuonyesha ule upinde ulivyokazwa, na akaishikilia juu hivyo kitambo, taa ya tivi ikimulika viganja vyake.

Alhamisi nilirudi dukani na flashi kwa orodha ya pili. Kijana akaniuliza mama alipenda ipi, nikamwambia ya miwani. Nikamuuliza, kwa agizo lake, kama ana muvi ya Liyongo. Akatafuta kwenye kompyuta, akajaribu jina kwa herufi hii na ile, kisha akageuza kiti. "Haimo, dada," akasema. "Hebu nisimulie inavyokwisha."