Gereji ya kila gari au fundi wa Subaru: nimepeleka STI yangu kote kuwili Kampala

Kama una Toyota Premio au Noah, gereji ya jumla inakutosha na pesa inabaki. Lakini mwenye Subaru Impreza WRX STI namwambia mapema: mkanda wa taimingi (unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake), oili na kompyuta vipeleke kwa mtu anayefungua injini hiyo hiyo wiki baada ya wiki. Mengine yote, bushi, pedi za breki, kuchomelea bomba la moshi, gereji ya mtaani inayaweza, tena kwa bei nzuri zaidi.

Langu ni GDB (hizo ni herufi za chesisi) ya mwaka 2005, gia sita, breki za Brembo. Nafanya biashara ya vitenge kati ya Kampala na Arua, karibu kilomita 500 kwenda, na ukishavuka Luweero barabara inanyooka, mguu unakuwa mzito wenyewe. Sheria ya 2018 ilifunga mlango kwa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo hili likifa, jingine la mwaka huo haliingii tena nchini. Nalitunza kwa nguvu zangu zote.

Nianze na gereji ya jumla, upande wa Ndeeba. Sina haja ya kuwachafulia jina, maana kazi zao nyingi ni safi. Bushi za mbele walizibadilisha kati ya adhuhuri na alasiri. Spea hawakai nazo: kijana anapanda boda hadi soko la spea la Kisekka, anarudi na aina mbili tatu mkononi, unachagua kulingana na mfuko wako, na ile uliyoikataa inarudishwa bila maneno. Shokomzoba walizifunga vizuri, na hadi leo gari halipigi kelele likipita kwenye matuta ya Nakasongola. Ufundi wa shilingi 60,000, na chai wanakuagizia.

Tatizo lilikuja kwenye mkanda wa taimingi. Subaru wanasema ubadilishwe kila kilomita 100,000, na wangu ulikuwa umefika. Wakanitoza 120,000 za ufundi, wakamaliza siku hiyo hiyo. Gari likarudi linatetemeka likiwa limesimama, na ukikanyaga linavuta pumzi muda mrefu kabla tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, haijaamka. Nikalirudisha. Wakachomeka mashine yao ya kupima, ikasema hakuna kosa. Baada ya hapo wakaniambia tabo imekufa, ninunue iliyotumika kwa milioni moja na nusu. Tabo iliyokuwa nzima asubuhi haifi jioni kwa sababu mtu amegusa mkanda. Nikakataa.

Fundi wa Subaru niliyeelekezwa ana uwanja wake upande wa Bugolobi, hauna hata kibao. Ufundi aliupata akihudumia magari ya mbio, yale ya Pearl of Africa Rally, na inaonekana katika namna anavyoweka spana zake. Kilichonishangaza ni kwamba hakufungua boneti. Aliniwekea kiti, akafungua daftari la shule, akaanza kuuliza.

“Hajati, oili unaweka namba ngapi? Filta ni ya Subaru au ya kila gari? Ukiwa Arua petroli unajaza kituo gani? Asubuhi likiwa baridi, linagonga au linanyamaza?”

Kila jibu akaliandika, pamoja na kilomita. Kisha akachomeka kompyuta yake ya mapajani, yenye programu inayozungumza na kompyuta ya Subaru kwa lugha yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mashine ya Ndeeba haikuona kitu. Mashine ya kawaida inasoma makosa yaliyosajiliwa tu. Hii inaonyesha injini inavyojirekebisha: kihisio chake kikisikia mlio wa mlipuko usiofaa ndani ya silinda, kompyuta inachelewesha cheche ili pistoni zisivunjike, na nguvu inapungua kimya kimya bila taa yoyote kuwaka. STI ya Japani ilipangwa kwa petroli ya kwao ya okteni 100 (okteni ni kipimo cha petroli kutolipuka kabla ya wakati). Tunayojaza huku ni ya chini ya hapo, basi injini hizi zinaishi na uangalizi wa namna hiyo kila siku. Mtu asiyesoma hesabu hizo anabahatisha.

Ndipo akafungua vifuniko vya mkanda, nami nikiwa nimesimama pale pale. Injini ya STI, EJ20, ina puli nne za kamshafti (vyuma vinavyofungua valvu), mbili kila upande. Zile za kushoto zinasukumwa na springi za valvu, kwa hiyo ukiziachia kabla ya wakati zinaruka zenyewe. Moja ilikuwa imeruka jino moja. Jino moja tu! Ingeruka zaidi, valvu zingegongana na pistoni, na injini ingekuwa chuma chakavu. Akanionyesha pia mtego wa puli ya krenki: usoni ina mshale, na asiyeijua anaufuata, kumbe alama ya kufungia mkanda ni mstari mdogo kwenye jino la nyuma. Hilo hulijui kwa kufungua Toyota, hata ukizifungua miaka ishirini.

Kilichonipa imani kamili ni kikazia mkanda. Kina mafuta ndani, na kabla ya kukifunga lazima kibanwe. Alikisimamisha wima kwenye jiliwa, akakibana polepole, dakika kadhaa, akipumzika katikati ili asiharibu sili yake. Ukitaka kumjua fundi wa injini hii, simama umtazame hapo. Anayekibana kwa haraka, chukua ufunguo wako.

Akaongeza jambo ambalo sikuliomba. Nyuma ya silinda za kulia kuna boliti ya njia ya oili iendayo kwenye tabo, na ndani yake kuna kichujio kidogo kuliko kofia ya kalamu. Changu kilikuwa kimeanza kuziba. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili, na kichujio hicho kikiziba inaungua. Yaani wale waliotaka kuniuzia tabo wangefunga mpya juu ya njia ile ile iliyoziba.

Ufundi ulikuwa 380,000, zaidi ya mara tatu ya Ndeeba. Mkanda wenyewe ulikuwa bado mpya, akaurudisha ule ule, ingawa angeweza kuniuzia mwingine nisijue. Kichujio kile cha oili tu ndicho alichobadilisha. Cha zamani akanikabidhi ndani ya boksi. Safari iliyofuata ya Arua, tabo iliamka pale pale ninapokanyaga, na likisimama halitetemeki hata kidogo.

Kasoro zake zipo na mteja azijue. Foleni ni ndefu, na haanzi kazi mpaka kila spea iwe mezani, hata gasketi ya shilingi elfu tano. Pedi za breki anatoza karibu mara mbili ya mtaani, kwa kazi ambayo kijana yeyote wa Ndeeba anaimaliza vizuri. Mwenye haraka atanung'unika. Mimi nilinung'unika pia siku ya kwanza, na bado namwona amestahili kila shilingi.

Mwenye Mitsubishi Lancer Evolution asikimbilie kwake lakini. Injini ya 4G63, ya Evolution ya kwanza hadi ya tisa, ina mkanda wa pili mdogo wa shafti za kusawazisha, na kule fundi wa Subaru anakuwa mgeni kama wengine. Yeye mwenyewe alimrudisha kijana mmoja mbele yangu, akamwelekeza kwa mwenzake anayezifungua hizo. Kibao chenye picha ya gari la mbio hakitoshi. Uliza ni injini gani wanayoifungua mara nyingi, na omba kuona iliyofunguliwa siku hiyo.

Ukimpata wa kwako na ukataka kumpigia, shika karatasi ya chesisi mkononi: GDB na herufi inayofuata, kilomita za sasa, namba ya oili, na tarehe ya mkanda wa mwisho. Wangu hatoi bei ya kitu chochote kabla hujamsomea hayo manne.