Mpira wa mlango wa gari kwenye ncha za mapezi: nimeutumia miezi 3 bwawani

Mapezi yangu marefu ya kuogelea, ya faiba, niliyanunua kwa akiba ya miezi 7. Wiki ya tatu ya mazoezi nilipitisha ukucha kwenye ukingo wa pezi la kulia, ukakwama. Pale ulipokwama palikuwa na vinyuzi vyeupe vimechomoza, vyembamba kuliko nywele, na nilipovigusa kidole kiliniwasha mpaka usiku. Roho iliniuma sana. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Gundi ikishakwanguka ukingoni, maji yanapata njia ya kupenya kati ya matabaka, na bapa, ile sehemu ndefu ya pezi, linaanza kuachana taratibu. Kwa hiyo mikwaruzo ya ncha si suala la urembo.

Bwawa ninalofanyia mazoezi baada ya kazi lina urefu wa mita 25, na vigae vya upande wa maji mafupi vimemeguka kingo. Jumanne na Alhamisi nafika ukutani mara 40 kwa jioni moja. Ukigeuka na pezi refu, ncha ndiyo inayopita karibu kabisa na ukuta, na maji yakipungua kina inagusa hata sakafu. Baharini sina shida hiyo. Kisiwani Mbudya, ambako naenda mwisho wa mwezi kwa boti ya kutoka Kunduchi, mapezi hayagusi kitu, na hayatakiwi kugusa: lile ni eneo la hifadhi na matumbawe yake hayavumilii teke la mtu. Bwawa ndilo linalokula mapezi.

Nilianza na tepu ya umeme. Siku mbili tu ikafumuka na kuacha ulimbo mweusi ulionitoa jasho kuusugua. Ndipo nikakumbuka ule mpira unaovishwa kwenye kingo za milango ya gari ili usikwaruze gari la jirani, wenye umbo la herufi U. Jumamosi asubuhi nikaenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea.

"Dada, gari gani?" kijana wa dukani akaniuliza.

"Si la gari, kaka. Nataka kuuvisha kwenye mapezi ya kuogelea."

Hakucheka. Aliniomba nimwonyeshe pezi, akapima unene wa ncha kwa vidole, akaenda ndani na kurudi na aina mbili. Ya kwanza ilikuwa imara mno, inang'ang'ania kama meno. Akaikata kipande na kunionyesha kwenye mkato: ndani kuna bati jembamba. Hiyo akaniambia mwenyewe niiache, maji yataila. Ya pili ni mpira mtupu, laini, mweusi. Mita moja shilingi 4,000. Kwa huduma ile ningelipa hata zaidi, maana wauzaji wengi wangenipa ile ya bati na kunitakia safari njema.

Ncha ya pezi langu ina upana wa sentimita 20, na mpira nimeupandisha sentimita 5 kila pembeni, kwa hiyo kila pezi limekula sentimita 30. Kabla ya kuuvisha nilisugua ukingo kwa msasa laini uliolowa maji, nimefunga kitambaa puani kwa sababu vumbi la faiba si la kuvuta. Nikafuta kwa spiriti, nikaacha likauke.

Gundi ndiyo iliyonisumbua. Supagluu ilishika ndani ya dakika moja na nikafurahi, lakini wiki ya pili ikaanza kupasuka vipandevipande. Inakauka ngumu kama kioo, na pezi kazi yake ni kupinda. Fundi viatu wa mtaani kwetu Kinondoni ndiye aliyenipa jibu: gundi yake ya soli, ile inayopakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isinate kidoleni, kisha vitu vinabanwa. Soli nayo inapinda kila hatua. Alinibania mpira kwa vibanio vya nguo, akaniambia nisiyaguse mapezi mpaka kesho yake. Akachukua shilingi 2,000.

Huu ni mwezi wa tatu. Nimeshaufungua mpira wa pezi moja makusudi ili nitazame chini yake, na ukingo uko vilevile nilivyousugua, hakuna unyuzi hata mmoja mpya. Mpira wenyewe ndio umelika upande wa nje, hasa pembe ya kulia ninakogeukia. Nilichotaka ndicho hicho: ulike wenyewe, siyo pezi. Siku za mwanzo nilihisi teke limekuwa zito kidogo mwishoni, na ile raha ya ncha kupiga kama mkia imepungua. Anayefanya mashindano ataliona hilo. Kwa mazoezi yangu silioni tena.

Mpira huu hausaidii upande wa kiatu cha pezi, na huko nako kunachakaa. Dawa ya maji ya bwawa inakausha mpira wa kiatu, jua linamalizia. Mimi nayasuuza kwa maji ya bomba hapohapo bwawani na kuyakausha kivulini, yamelala, siyo yamesimama kwa ncha. Mwenzangu mmoja alikuwa anapaka mafuta ya nazi ndani ili mguu uingie kirahisi. Mpira wake ukalegea na kunata. Tafadhali msipake. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha. Pia navaa nikiwa nimekaa ukingoni, miguu ndani ya maji, maana hatua tano juu ya zege zinakwaruza kuliko wiki nzima ya kuogelea.

Kwenye daladala la jioni mapezi yanasafiri ndani ya mfuko niliomshonesha fundi kwa kanga mbili kuukuu, katikati kuna kipande cha godoro jembamba ili mabapa yasisuguane.

Jumla nimetumia shilingi 6,000 ukiacha supagluu. Kimebaki kipande cha sentimita 40, na pembe ya kulia ikitoboka nitakipeleka kwa fundi viatu akibandike.