Matatu za Kisumu–Kakamega: nauli inayopita mikononi mwa watu

Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50, na matatu za abiria 14 ndizo zinazobeba wengi. Starehe usitafute. Magoti yanabana kwenye kiti cha mbele, na mikanda iliyoletwa na Kanuni za Michuki za 2004, zile sheria za usalama wa matatu, hufungwa askari akionekana, basi. Lakini kuna kazi moja ndani ya matatu hizi ambayo abiria wenyewe huifanya bila kupangwa, na huifanya vizuri kuliko wenye gari: kukusanya nauli.

Gari likishapita Mamboleo na kuanza kupanda mlima wa Riat, konda hugonga bega la aliye karibu na kusema, "Wa nyuma, kusanyeni." Yeye mwenyewe hafiki nyuma. Kijia ni chembamba, na mara nyingi kimezibwa na sambaza, ule ubao unaolazwa katikati ya viti viwili ili abebwe mtu wa 15. Kwa hiyo noti hukunjwa kwa urefu na kupita kiti hadi kiti, na kila anayeipokea hurudia maneno yaliyokuja nayo: "Hii ni ya wawili, Mbale na Chavakali." Upande huu watu wanaongea Kijaluo, upande ule Kimaragoli, pesa huzungumziwa Kiswahili.

Chenji ndiyo yenye utamu. Tuseme nauli ni 150 na watu wawili wametoa 200 kila mmoja. Konda hana hamsini, anarudisha noti moja ya mia: "Hiyo yenu wawili, mtajuana." Watu wasiojuana hata kwa jina sasa wana deni la pamoja. Kama mmoja anashuka Kiboswa, ni karibu, hana muda wa kungoja. Hapo utaona mikoba ikifunguliwa hata na wasiohusika. Mama aliyetoka kuuza soko la Kibuye kwa kawaida ana sarafu za kutosha, naye huvunja ile mia bila kuombwa mara mbili.

Mambo huharibika wapi? Kwanza ni muziki: ukiwa juu, "ya wawili" hufika mbele ikiwa "ya mmoja", na mtu anadaiwa tena. Taja idadi na unakoshuka, umtazame unayempa. Pili, sarafu hudondoka na kuingia chini ya reli ya kiti, na huko hazitoki hadi gari lioshwe. Afadhali upitishe noti. Tatu, na hili ndilo baya, ni kuuzwa: waliobaki wakiwa wachache, konda huwahamishia gari jingine, tuseme pale Chavakali, na konda mpya hajui nani amelipa. Tikiti hakuna. Ushahidi ni wa jirani. "Huyu alilipa, tulikuwa naye," atasema mtu ambaye mlikuwa mnagombania dirisha saa nzima, na konda hukubali, kwa sababu akibisha atakabiliana na gari zima.

Kulipa kwa simu kumepunguza ubishi wa chenji, ingawa ujumbe wa malipo ukichelewa, mlangoni kunakuwa na msongamano. Pia kumeondoa ile sababu ya kumgusa jirani begani.

Kwa anayepanda mara ya kwanza: kaa mbali na mlango kama hutaki kuwa karani wa nauli, maana anayekaa nyuma ya mlango ndiye anayepitishiwa kila kitu. Uwe na hamsini mbili tatu. Chenji uidai kabla ya kituo cha Majengo. Na kwenye steji, usidanganywe na gari lililobakiza viti viwili. Baadhi ya waliomo ni watu wa steji waliokalishwa ili lionekane limejaa, nao huteremka mmoja mmoja ukishakaa. Angalia miguuni: abiria wa kweli wa Kakamega hakosi mfuko.